Fundi Aliyefumua Hadithi Yake

Wiki iliyopita nilipigiwa simu kutoka Tunduma, nikaambiwa kwamba fundi cherehani wetu amefariki dunia baada ya kuugua siku chache. Jumamosi tulimzika kwao, jirani na Mbozi Mission, wajukuu wakiwa wengi kuliko viti. Amekwenda akiwa ameshiba miaka. Nilisikitika, lakini nakiri kwamba muda mwingi pale msibani nilikuwa natabasamu, maana kila aliyenisogelea alikuwa na kisa chake kuhusu mama huyu, na visa vyenyewe havikuwa vya nguo.

Mlio mbali hamkumjua. Kazi yake ilikuwa sare za shule na magauni ya kanisani. Wateja wakipungua aliandika hadithi fupi kwenye daftari, akazipeleka steshenari zikachapwa na kutolewa kopi, kisha akazikunja katikati na kuzipitisha kwenye cherehani, mshono mmoja mgongoni. Rangi ya uzi ilikuwa ile iliyobaki kwenye gauni la mwisho. Vijitabu hivyo alivitembeza mwenyewe kwenye foleni ya malori ya mpakani, ambako dereva anaweza kushinda siku nzima bila kusogea. Mimi, kwa kiherehere changu, nilimshauri atafute mchapishaji. Alinijibu kwamba wachapishaji nao wana foleni, na yeye yake ameshaichagua.

Alichokitaka ni kimoja tu: madereva wamwamini. Nusu ya hadithi zake ziliwahusu wao, naye hakuwahi kupanda lori maishani. Basi akatoa hadithi ya dereva aliyeegesha gari lenye shaba kando ya barabara huko Zambia, akaenda kulala gesti, na huko akakutana na dada yake aliyepotea. Mimi niliisoma nikafuta machozi. Foleni iliisoma ikacheka. Kijitabu kilipita kabini hadi kabini, watu wakikicheka, na kwa siku kadhaa hakuna aliyenunua kingine. Mama alikonda. Mwishowe dereva mmoja, mteja wake wa siku nyingi, akamfuata kibandani, nami nikiwepo nasubiri suruali yangu. Akamwamkia kwa adabu, akaweka kijitabu mezani.

"Mama," akasema, "dereva gani anaacha gari na mzigo akalale gesti? Huyo si dereva, ni abiria."

Nikaanza kumtetea, kwamba hadithi ni ya kubuni na mwandishi ana uhuru wake. Mama akaninyamazisha kwa mkono. Akamvutia yule dereva kiti, akamuuliza analala wapi, anaogopa nini, anakula saa ngapi, na majibu yote akayaandika. Kesho yake alichukua vijitabu vilivyobaki, akavifumua nyuzi kimoja kimoja kwa wembe, akatoa karatasi yenye kosa, akaweka mpya na kushona tena. Sasa dereva alilala kabini, na dada yake ndiye aliyekuja kumgongea mlango akiuza mayai ya kuchemsha. Hadithi ikawa tamu zaidi, na foleni ikavinunua vyote. Nilipomwonea huruma kwa kazi ile, alinishangaa.

"Gauni likimbana mteja, unamwambia apungue?" akaniuliza. "Unafumua, baba."

Mimi nina kitabu kilichotolewa na mchapishaji wa mjini, jalada linang'aa. Humo nimeandika kwamba kahawa ya Mbozi huvunwa Januari. Shemeji wa marehemu, mkulima wa kahawa, ndiye aliyenieleza kosa hilo pale msibani, miaka mingi tangu kitabu kitoke. Huku wanalijua wote. Nilimuuliza kwa nini alikaa kimya muda wote huo.

"Tuliona ni kitabu cha wakubwa wa mjini," akasema kwa upole.

Niliona aibu, na bado ninayo. Hakuna aliyewahi kumwambia mama yule neno kama hilo. Vitabu vyake vilikuwa vya mtu unayemjua, ukiona kosa unamrudishia mkononi, na kwa sababu hiyo amezikwa bila kosa ambalo watu walimfichia kwa heshima. Kijana anayeniuliza namna ya kuchapisha hadithi zake nitamjibu hivi: uza karibu, mahali ambapo msomaji aliyeudhika hapati tabu kukufikia. Nami nakaa Vwawa, nyuma ya soko. Nikikosea, njooni.