Siku Chifu Aliposimama Nje ya Lango

Mama yangu amebangua korosho tangu kabla sijazaliwa. Nyuma ya nyumba yetu, huku Mtongwe, yeye na jirani yetu mmoja, shoga yake wa tangu usichana, walikuwa wakizikaanga juu ya bati lililotobolewa matundu, mpaka maganda yakatoa moshi mzito na mafuta yanayounguza. Mafuta yale hula ngozi. Nilipokuwa mdogo nilidhani mikono ya akina mama wote iko vile, ncha za vidole zimegeuka nyeusi na kuwa laini kabisa, hazina hata mstari.

Kwa miaka mingi mama hakuwa mpiga kura, na kisa chake nakijua kwa sababu nilikuwapo. Nilikuwa shule ya msingi. Chifu wa wakati huo alipita nyumba hadi nyumba na askari wake, akasema kadi za kura zinakusanywa ili zikakaguliwe. Baba alitoa yake, mama akatoa yake. Nani angemkatalia chifu? Siku ya kura ikafika kadi hazijarudi. Baba alivaa kanzu yake ya Ijumaa akaenda kituoni hivyo hivyo, akiamini kwamba wanaomjua watamruhusu. Alirudi kabla ya adhuhuri. Aliivua ile kanzu, akaikunja vizuri, akachukua jembe akaenda shambani, na jua lile kali. Kadi zilirudishwa uchaguzi ulipokwisha, zote salama, wala hakuna aliyeuliza kitu.

Mama akaapa hataandikishwa tena na mtu. Zilipoletwa mashine za kuchukua alama za vidole, na kila mtu akatakiwa kujiandikisha upya, yeye alikaa nyumbani. Baba alikuwa ameshafariki.

Lakini sheria nayo ilikuwa imebadilika. Kazi ya kuandikisha wapiga kura ilikabidhiwa tume iliyo kando na serikali, na machifu wakaambiwa wasiiguse. Wasiiitishie baraza, wasitoe ofisi zao, wasisogelee mashine. Niliposikia nilifurahi sana. Nilifurahi kwa ajili ya baba.

Kilichomgeuza mama ni zahanati. Zahanati yetu ilikaa muda mrefu bila dawa, na shoga yake, ambaye ana sukari, alizimia njiani akienda kutafuta dawa ng'ambo ya feri. Akina mama wakakusanyika, wakaenda kumwona mwanasiasa mmoja aliyekuja mtaani kwa mazishi. Aliwasikiliza kwa adabu, halafu akawaambia, huku akitabasamu, kwamba upande wao ule walioandikishwa ni wachache mno, na kwamba dawa huenda mahali zilipo kura. Mama alirudi nyumbani akavua buibui, akakaa kitako juu ya kibao cha mbuzi bila kukuna nazi. Baadaye akaniambia, "Nataka niandikishwe. Yule mtu ametuona sisi kama hatupo."

Sasa, chifu wetu wa siku hizo alikuwa mtoto wa kaka yake mama. Mamake alifariki angali ananyonya, akaletwa kwetu, akalelewa na mama huyu huyu. Tulilala mkeka mmoja, tukagombania ukoko wa sufuria moja. Alipopewa uchifu, mama alichinja kuku. Hakuwa chifu wa kutisha watu. Alisuluhisha ugomvi wa mipaka, aliwafuatilia watoto walioacha shule, na kila jambo lililohusu mtaa, kuanzia chanjo hadi kukatika kwa maji, tulilisikia kutoka kwake, ama barazani ama kwenye kile kipaza sauti chake cha mkononi.

Kwa hiyo mama alitulia, akingoja kuambiwa lini na wapi. Hakuambiwa. Mpwa wake alipita kila siku na pikipiki, akamwamkia, "Shikamoo shangazi," akaitikiwa marahaba, akaenda zake. Makarani wa tume walikuwa wamebandika tangazo kwenye ukuta wa shule iliyo mbali, kule kwenye barabara kuu, na kwenye simu za wenye simu kubwa. Wabangua korosho hawana simu kubwa. Mimi hushona katika kiwanda kimoja Changamwe, hutoka alfajiri na kurudi jua limezama, nami pia sikujua. Nilikuja kusikia kazini, kwa mwenzangu, zoezi likiwa karibu kumalizika.

Nilipomuuliza binamu yangu kwa simu kwa nini hakutuambia, aliteremsha sauti. Alisema wameonywa kwa maandishi, na kwamba chifu mmoja wa upande mwingine alitangaza msikitini baada ya swala, kwa nia njema tu, na siku ya pili akaitwa ajieleze. Akaniomba nisimuulize jambo hilo tena kwa simu.

Nilibadilishana zamu na mwenzangu, nikampeleka mama kule shuleni. Jua lilikuwa kali na foleni ilienda polepole. Karani aliyetuhudumia alikuwa msichana wa bara, mpole, aliyemwita mama "cucu" kisha akajirekebisha akasema "nyanya." Alimwelekeza mama aweke kidole juu ya kioo. Mashine haikusoma. Akaweka kingine. Akafuta kioo kwa kitambaa, akamfuta mama vidole, wakajaribu vyote, mkono wa kulia na wa kushoto. Kisha akatazama kitambulisho, ambacho picha yake ni ya mwanamke kijana mwenye mashavu, akamtazama mama. Akasema hawezi kuendelea peke yake, inabidi amngoje msimamizi wake, na msimamizi yuko kituo kingine. Pengine tungerudi kesho.

Watu waliokuwa nyuma yetu wakaanza kusema kwamba huyu mama wanamjua. Karani akajibu, kwa upole ule ule, kwamba kujulikana na watu hakumsaidii yeye.

Hapo ndipo mama alipomwona mpwa wake. Alikuwa amekuja kwa shauri jingine, ng'ombe wa mtu walioingia bustani ya shule, naye amesimama nje ya lango na sare yake, akizungumza na mlinzi. Mama alinyanyuka, akavuka kiwanja taratibu mpaka langoni, mimi nikimfuata.

"Mwanangu," alimwambia, "njoo uwaambie hawa mimi ni nani."

Binamu yangu aliangalia nyuma yake, kisha akaangalia mashine zilizokuwa chini ya turubai. Mikono alikuwa ameifunga mgongoni.

"Shangazi, nisamehe. Hapo siwezi kuingia."

"Sikwambii uingie ukapige kura. Nakwambia useme jina langu."

"Najua. Ndilo hilo siruhusiwi."

Kijana mmoja, wakala wa chama, alikuwa ameshainua simu yake anatupiga picha. Binamu yangu akamwona. Akarudi nyuma hatua kadhaa, akapanda pikipiki yake, akaondoka. Hakumuaga mama. Mama alibaki ameshika vyuma vya lango. Niliposema twende, alikuja bila ubishi.

Jioni ile binamu yangu alikuja nyumbani amevaa kikoi na fulana, si chifu tena. Mama hakumkaribisha ndani wala hakumfukuza. Binamu yangu alikaa chini kizingitini, akaeleza yote, na sehemu kubwa ya maneno yake yalikuwa yale niliyokwisha kuyasikia. Mama alikuwa akichambua mchicha, hainui uso. Mwisho akamuuliza kama anakumbuka aliyemlea.

"Nakumbuka," akasema. "Na namkumbuka mjomba na ile kanzu yake. Leo nikiingia kwa ajili yako, kesho mkubwa wangu ataniambia niingie kwa ajili yake. Nitamjibu nini?"

Alikuwa akimwita baba "mjomba" ingawa hakuwa mjombake. Ni mazoea ya utotoni. Mama aliposikia ile kanzu ikitajwa, mikono ilisita. Nadhani hakujua kwamba sisi watoto tuliiona.

"Haya," alisema. "Huna kosa. Lakini mie nimerudi nyumbani kama nilivyotoka."

Akamtilia chakula. Binamu yangu alikula kidogo, akaondoka.

Kesho yake mama hakutaka kurudi. Nilimbembeleza mpaka nikachoka, na aliyemwinua hatimaye ni shoga yake, ambaye alikuja amejifunga leso kiunoni, tayari kwa safari, akasema akiachwa aende peke yake ataanguka tena njiani. Tukaenda watatu. Msimamizi alikuwapo siku hiyo, mtu mzima mwenye haraka. Alikitazama kitambulisho, akamuuliza mama mwaka na mahali alipozaliwa, akamwonyesha karani jinsi ya kuandikisha mtu asiye na alama za vidole. Kumbe njia ilikuwapo siku zote. Yule msichana alikuwa akiogopa kuitumia asije akashutumiwa. Mama akapigwa picha, akapewa kijikaratasi chake. Alisema alhamdulillahi kwa sauti ndogo.

Shoga yake hakufika mbele, maana mama alipitishwa moja kwa moja kwa msimamizi kwa kuwa jana yake alikwisha kupanga foleni, yeye akaanzia nyuma. Foleni ilikuwa bado ndefu, na akina mama kadhaa wa mtaani kwetu walikuwa ndio kwanza wanateremka kwenye boda boda, wamesikia asubuhi ile ile, muda ulipoisha na lango likafungwa. Ilikuwa siku ya mwisho. Waliwasihi makarani, nao wakasema mashine hujifunga zenyewe. Shoga yake mama aliketi juu ya tofali, akanywa maji niliyomletea, akamwambia mama asisikitike, angalau mmoja amepata. Mama alikifunga kijikaratasi kwenye pindo la leso, kama mtu anayeona haya kuonekana nacho.

Ningependa kusema mambo yaliishia hapo. Baada ya wiki chache ile picha ya langoni ilianza kuzunguka kwenye simu. Ilimwonyesha chifu na sare yake akiwa uso kwa uso na bibi kizee, na maneno yaliyoandikwa chini yake yalidai chifu huyu anaandikisha jamaa zake. Kwamba alikataa, picha haikusema. Aliitwa, akajieleza, na nilijitolea kwenda kutoa ushahidi, lakini nikaambiwa mimi ni jamaa. Akahamishiwa Kisauni, upande wa pili kabisa wa kisiwa.

Siku alipokuja kuaga, mama alimpikia wali wa nazi na samaki wa kupaka, akakaa naye jamvini mpaka akamaliza sahani. Alimwuliza huko aendako atakaa wapi, na nani atamfulia. Kisha akamwambia jambo ambalo sikutarajia. Alimwambia kwamba usiku mwingine anafikiri ingekuwa afadhali angeingia tu siku ile, kwa kuwa adhabu amekuja kuipata hata hivyo. Na usiku mwingine anafikiri alifanya vyema kutoingia.

"Nami pia, shangazi," alisema binamu yangu. "Sijui ni lipi."

Chifu mpya ni mtu wa mbali, hana ubaya na mtu. Anapopita karibu na ile shule hageuzi shingo. Shoga yake mama anakuja bado kila asubuhi, wanawasha moto, wanakaanga. Zamani walikuwa wakizungumza mambo ya zahanati na nani atachaguliwa. Siku hizi shoga yake akianza habari hiyo, mama humwomba asogeze bati lile pembeni kidogo, ati moshi unamwingia machoni.