Viti vya Muuru

Watu siku hizi wakisema kiti kizuri, wanamaanisha kitu kinachomeza mtu.

Mimi nilipoolewa hapa karibu na Nkubu nilikuta mbao zimelala kwenye dari ya jikoni kwa mama mkwe, juu ya moto. Zilikuwa za muuru, ule mti wa msitu wetu. Nilidhani ni kuni, nikanyoosha mkono. Mama mkwe akanichapa na mwiko.

"Hivyo ni viti vyako," akasema. "Havijaiva."

Ndivyo ilivyokuwa. Mbao zilikaa kwa moshi mvua baada ya mvua, mpaka zikaacha kupinda. Ndipo fundi akaitwa. Alikuwa jirani, alifunzwa useremala misheni kabla ya Uhuru, akawatengenezea wazungu viti vyao. Vyetu havikuwa vya wazungu. Miguu aliitanua nje kama ya kigoda cha mzee, kwa sababu sakafu zetu zilikuwa za udongo na kiti cha miguu iliyonyooka kingeyumba. Mkono wa kiti ulikuwa mpana, unaweka kikombe cha chai na kiwiko bado kina nafasi. Mgongo ulilala kidogo tu, upumzike lakini usisinzie mgeni akiongea. Msumari hakuna. Ulimi wa mbao uliingia kwenye tundu, kabari ikagongwa, basi. Mahali pa kukalia alisuka mipira ya tairi, juu yake tukaweka mito.

Hakuna aliyesema ni ufundi wa ajabu. Nyumba nyingi zilikuwa na viti vya namna hiyo, huku kwetu mpaka Embu, na kitu kikiwa kila mahali nani atakitazama? Na sisi wanawake tulisaidia kuvificha. Kiti bila kitambaa kilikuwa kama mke wa watu kwenda kanisani bila leso kichwani. Nilishona vitambaa vya mgongo, vya mikono, na vingine vya Krismasi. Watoto wangu walikua wakikalia maua ya uzi. Mbao yenyewe hawakuijua.

Juzi mjukuu wangu wa kike alipata wageni wa mahari kutoka upande wa Gachoka. Mwanangu, baba yake, akaleta sofa ya rangi ya maini ikajaza sebule yangu.

"Mama, viti vyako vimekula chumvi," akaniambia. "Na kuni za kupikia mbuzi hazitoshi."

"Mimi nimekula chumvi kuliko hivyo viti. Utanipasua lini?"

Akacheka. Nilidhani yameisha.

Asubuhi ya wageni nilitoka kukamua nikasikia shoka nyuma ya nyumba. Viti vyote vinne vilikuwa nje, vimevuliwa vitambaa, vinang'aa kwa jua rangi ya chai ya maziwa. Mwanangu alikuwa ameshapasua kimoja. Niliokota kipande. Kilinukia moshi wa jiko la mama mkwe, jiko lililobomolewa zamani, na yeye mwenyewe yuko kaburini. Nilisimama pale nikinusa mbao kama mtu aliyepotewa na akili.

Halafu nikakalia kiti kimoja, mkono mmoja nikashika cha pili, mguu nikauweka juu ya cha tatu.

"Weka shoka chini."

"Mama, tutapika na nini?"

"Pika na sofa."

"Mama, wageni wako njiani!"

"Nami nimekaa nawangoja."

Akaviacha hapo nje, akaenda kuomba kuni kwa jirani huku akinung'unika.

Wageni walifika, wakakalia sofa. Msemaji wao, mzee mrefu wa fimbo, alizama mpaka magoti yakakaribia kidevu. Wakati wa kusimama aombe binti ukafika. Akajaribu, akarudi chini. Akajaribu tena. Vijana wawili wakamvuta kama ng'ombe aliyekwama kwenye tope.

"Wakwe," akasema akihema, "huku mnashika wageni kwa mtego? Hakuna kiti cha mtu mzima?"

Wenzake walicheka mpaka machozi. Mwanangu akanitazama. Mimi nikatazama dari. Akatoka mwenyewe, akaleta viti, kimoja kimoja, bila kitambaa.

Mzee akakaa. Akapapasa mkono wa kiti polepole, akaweka kikombe chake juu yake, akanyoosha mgongo.

"Sasa naweza kubishana," akasema. Na alibishana kweli, mpaka jua likageuka.

Walipoenda mwanangu alibaki kwenye kile kiti. Akainama akachungulia chini, akatafuta misumari, akakosa.

"Mama, nani alitengeneza hivi?"

Miaka yote hiyo hakuwa ameuliza. Nikamweleza. Vitatu sasa viko sebuleni karibu na dirisha, na sofa watoto wanairukia. Kuhusu cha nne alisema atatafuta fundi aunde kingine.

"Tafuta kwanza muuru," nikamwambia. "Halafu tafuta moshi wa kuukausha."

Kwake wanapikia gesi.