Vikapu Tisa vya Noheli

Kila mwezi wa kumi na mbili, mwenye duka ninayenunua kwake karatasi hapa Kasulu mjini hutundika mapambo ya Krismasi mlangoni. Yeye ni Mwislamu, babu yake alitokea Ujiji, lakini biashara ni biashara. Huuza mipira midogo ya plastiki, myekundu na ya rangi ya dhahabu, iliyopangwa kwenye boksi kama mayai. Mwaka huu alinishikisha boksi mkononi akasema, "Mama, wateja wangu wanachukua mmoja mmoja kwa kila mtu wa nyumbani. Kwenu mko wangapi?"

Nilisimama pale na boksi langu. Nyuma yangu mtu aliguna kwa kungoja. Nikamwambia nitarudi, na sikurudi.

Wewe nitakueleza, rafiki yangu, kwa sababu huwajui wahusika na huna wa kumwambia. Kazi yangu ni kuwajazia watu fomu na kuwaandikia barua. Shule niliishia darasa la saba. Yaliyobaki nilijifunza kwa kusoma kila karatasi iliyopita mikononi mwangu. Nimezoea kuweka mambo kwa mpangilio, na haya nayo nitayaweka hivyo.

Tulikulia Makere, nyumbani kwa bibi, mama wa mama yangu. Bibi alivuka mpaka kutoka Burundi akiwa msichana, na alichokuja nacho kilikuwa mikono yake tu. Mikono hiyo ilijua kusuka agaseke, kile kikapu chenye kifuniko kilichochongoka ambacho kwao mwanamke huwekea vitu vya heshima. Alisuka vikubwa vya kuuza, na vidogo, kama pera, ambavyo havikuuzwa. Vidogo vilikuwa vya wajukuu. Mtoto akinyolewa nywele za kwanza, bibi alizikusanya, akaziweka ndani ya kikapu kipya na kukishonea kifuniko. Kila kikapu kilikuwa na mchoro wake, mweusi kwa tope la bondeni lililochemshwa, mwekundu kwa mizizi ambayo hakuwahi kutuonyesha. Changu kilikuwa na pembe tatu zilizokimbizana.

Noheli, ndivyo tulivyoiita nyumbani, ilianza kwa mjomba kukata tawi la msaiprasi kwenye mpaka wa shamba. Lilisimamishwa sebuleni katika ndoo ya udongo na mawe. Nyumba nzima ilinuka utomvu, mawese yaliyopata moto, na samaki aina ya migebuka walioletwa wamekauka kutoka ziwani. Sisi watoto tulipukuchua maharage uani na kuimba. Kisha bibi alitoa sanduku lake la mbao, akaketi kwenye kigoda, akatoa vikapu kimoja kimoja, akitaja jina la mwenyewe, na mwenyewe akaitika kwa Kirundi, "Ego," akakipokea na kwenda kukitundika mtini. Hatukuwa na zawadi nyingine. Kusikia jina lako likitoka kinywani mwa bibi, huku watu wameketi kimya, kulitosha. Mimi nilikuwa wa nne. Mpaka leo nikisikia watu wakiitwa kwa zamu hospitalini, jina la nne likifika najikuta nimeinua kichwa.

Tulikuwa wajukuu kumi. Vikapu vilikuwa tisa.

Wa kumi alikuwa binti wa mama mdogo. Mama mdogo alimzaa bila kumtaja baba, akamwachia bibi akiwa hajaota meno, akaenda zake. Bibi alimlisha, alimvisha, alimpeleka shule. Kikapu hakumsukia. "Agaseke ina ukoo," alisema. "Nywele za huyu niziweke kwa jina la nani?" Alikuwa akilisema hilo mbele ya mtoto mwenyewe, kwa sauti ile ile ya kuuliza kama chumvi imetosha. Mimi nilimwita mdogo wangu, na nitamwita hivyo hapa. Siku ya kutundika alikaa mlangoni, akitazama kila jina likiitwa. Kila mwaka alikuwa amepiga mswaki na kuoga mapema, endapo ataitwa.

Mwaka aliofika miaka tisa, mdogo wangu aliokota kopo la mafuta ya kula, akalifungua kwa kisu, akaliponda kwa jiwe mpaka likanyooka, akakata nyota. Ilimchukua wiki nzima nyuma ya choo, na ilimkata kidole gumba. Kusuka hakujua, bibi alitufundisha sisi, yeye alitumwa maji. Nyota ilikuwa na ncha sita zisizolingana. Katikati alikunja bati kama bahasha, na ndani akaweka kishungi cha nywele zake alichojikata mwenyewe.

"Dada," aliniambia, "wewe mrefu. Nitundikie."

Nilimtundikia. Nakiri kwamba niliitundika juu, mahali pazuri, kwa sababu iling'aa na mimi ndiye niliyekuwa nimeishika.

Wageni walipojaa, bibi akaiona.

"Nani kaweka bati kwenye mti wangu?"

Mjomba alikuwa ameshika kibuyu cha pombe ya ndizi, akacheka. "Mama, iache. Radi ikija ipige hiyo, sisi tupone."

Watu walicheka. Bibi hakucheka. Alinitazama mimi, kwa kuwa nilikuwa karibu na mti. Sikupigwa, sikutishwa. Nilinyoosha kidole tu, nikamwonyesha mdogo wangu mlangoni.

"Njoo uitoe," bibi akamwambia. Mtoto hakuifikia, akaburuta kigoda, akapanda, akaitoa. Bibi aliigeuza mkononi, akafungua ile bahasha, akapuliza nywele zikaanguka sakafuni. "Kweli una akili," akasema. "Mimi nilikuwa natafuta kitu cha kukwangulia ukoko."

Mama mkubwa mmoja alipiga makofi kwa kicheko mpaka mtandio ukamvuka. Na nyota hiyo, rafiki yangu, ilifanya kazi hiyo mwaka mzima. Mdogo wangu ndiye aliyekuwa akikwangua vyungu, na ndiye aliyeishika. Ncha za bati zilikuwa kali, zikafaa sana.

Ningeweza kuishia hapo, nikaiita kumbukumbu ya bibi mkali. Wengi wanayo. Lakini mwaka uliofuata, mvua za masika zilipokatika, balozi wa nyumba kumi alipita akisema kila kaya ya watu waliotoka ng'ambo ilete karatasi yenye majina ya wote waliozaliwa huku, yaingizwe daftarini. Bibi hakujua kusoma. Mimi nilikuwa darasa la tano, na mwalimu alikuwa amesema mbele ya darasa kwamba mwandiko wangu ni kama wa mashine.

Tuliketi barazani. Bibi akaleta sanduku lile la mbao, maana hesabu ya wajukuu hakuiweka kichwani, aliiweka humo. Alitoa kikapu, akataja jina, nikaandika. Akakiweka upande wa kulia, akatoa kingine. Nilikuwa nimenoa penseli pande zote mbili. Niliandika taratibu, herufi kubwa mwanzoni, namba pembeni, na kila namba ikifungwa kwa nukta. Kikapu cha tisa kilipotoka, bibi akapapasa ndani ya sanduku, akaona mbao tupu.

"Wamekwisha," akasema.

Mdogo wangu alikuwa uani na chungu mapajani. Kukwangua kulikoma. Alikuja mpaka kwenye nguzo ya baraza, mikono ikiwa na masizi, akaniambia mimi, si bibi:

"Dada, na mimi?"

Bibi alikuwa anarudisha vikapu sandukuni, kimoja baada ya kingine, bila haraka. Hakusema andika, wala hakusema usiandike. Nimelifikiria hilo kwa miaka mingi, na sijapata njia ya kulisoma tofauti. Penseli ilikuwa kwangu. Karatasi ilikuwa na nafasi ya mistari kumi na minne.

Mwalimu alikuwa ametufundisha kwamba orodha ikikamilika hupigwa mstari chini yake kwa rula, ili mtu asije akaongeza jina. Nikachukua rula, nikapiga mstari. Ulikuwa mstari mzuri. Bibi alinisifu, na jioni hiyo nilipewa kichwa cha mgebuka.

Kilichofuata ni kirefu katika maisha ya mtu na kifupi kukieleza. Karatasi ilinakiliwa daftarini, daftari likanakiliwa kwenye daftari jingine. Mdogo wangu alipofika miaka kumi na saba alitaka barua ya utambulisho, akafanye kazi ya kushona Kibondo. Kiongozi wa mtaa akafungua kurasa, akapitisha kidole. "Binti, wewe humu hupo." Akaitwa bibi athibitishe. Bibi alijibu alivyozoea: "Wajukuu ninao tisa." Sidhani alikuwa na chuki siku hiyo. Alikuwa anahesabu vikapu.

Basi mtoto aliyezaliwa Makere, aliyechota maji ya Makere, alikwenda Kibondo kwa miguu yake, akapanga foleni kambini pamoja na watu waliokuwa wamefika wiki ile wakikimbia vita, akasema naye amekimbia. Pale walimpa kadi. Ilikuwa karatasi ya kwanza duniani yenye jina lake. Na watu wa kambi ile waliporudishwa kwao, naye alirudishwa, akapelekwa Burundi, nchi ambayo hakuwahi kuikanyaga, akashuka kwenye lori na kuulizwa kijiji chake ni kipi.

Bibi alifariki miaka michache iliyopita, mzee sana, akiwa na meno yake yote. Mdogo wangu alisikia, akavuka mpaka kupitia Munanila, akatufikia asubuhi ya mazishi na kitambaa cheusi kichwani. Nilimtambua kwa kovu la kidole gumba. Tulisalimiana kama watu wa kanisa moja. Akaenda kusimama nyuma, kwa majirani.

Wasifu wa marehemu niliuandika mimi. Nani mwingine angeandika? Usiku wa kuamkia siku hiyo nilikuwa nimeandika, "Ameacha wajukuu kumi." Niliandika kwa tarakimu na kwa maneno, kama inavyofanywa kwenye hundi. Mzee wa kanisa akasoma kwa sauti nzito, akafika pale.

"Ameacha wajukuu kumi..."

"Tisa!" mama mkubwa yule yule alidakia kutoka kwenye mkeka. "Tisa, mzee! Unatuongezea?"

Kicheko kidogo kilipita, kile cha msibani kinachowapa watu pumzi. Mzee wa kanisa akainua miwani, akanitafuta kwa macho. "Mwandishi atusaidie. Ni kumi au tisa?"

Nyuma, mdogo wangu alikuwa ameinua uso. Hakuwa ananiomba. Alikuwa anasubiri tu kusikia, kama watu wengine wote. Na watu wengine wote walikuwa wakinitazama: wajomba, mama wakubwa, wachungaji wawili, na wateja wangu wa Kasulu waliokuja kwa heshima yangu, wanaoniamini kwamba karatasi ikipita kwangu haina kosa.

"Tisa," nikasema. "Nimekosea."

Chakula kilipopakuliwa hakuwepo.

Vikapu viligawanywa siku ile ile, kila mtu na chake. Kimoja kiliwekwa dirishani kikaliwa na mchwa, kingine mtoto alikifanya cha kuchezea, kingine kilipelekwa Dar es Salaam na hatujui kiliko. Sanduku linawekewa mbegu za mahindi. Hakuna kati yetu anayesuka. Mimi nilijua na vidole vimesahau. Mchoro wa nani ulikuwa mwekundu na wa nani mweusi, hakuna tena wa kumuuliza, na mti haujasimama sebuleni kule tangu bibi aondoke.

Namba ya mdogo wangu nilipewa na mama mmoja anayeuza vitenge mpakani. Noheli iliyopita nilipiga. Ilipokelewa mara ya kwanza tu. Nilisikia jiko, watoto, mtu akipiga ngoma ya debe. Nikasema mimi ni dada yake wa Kasulu.

Akawahimiza watoto wapunguze kelele. Kisha akajibu kwa Kiswahili chetu cha Makere, kizuri, bila kosa lolote:

"Umekosea namba, mama. Mimi kwetu nilizaliwa peke yangu."