Eti shamba langu ni mahali pa kulala bure

Simu imewaambia wazungu walale kwenye maharagwe yangu!

Leo nimetoka sokoni Koboko, nimechoka kabisa. Nafika nyumbani hapa Ayivu, nje kidogo ya Arua, nakuta gari kubwa lenye vitanda ndani limesimama katikati ya shamba. Maharagwe yameanza kutoa maua wiki hii tu!

Mzungu na mke wake wamekaa kwenye viti vyao, wanakunywa chai.

Nikauliza, "Nani amewaruhusu?"

Bwana akatabasamu, akanionyesha simu. Kwenye ramani kuna alama ya hema juu ya shamba langu. Msafiri mwingine ameandika: pazuri, patulivu, hakuna mtu.

Hakuna mtu! Maharagwe yalijipanda yenyewe?

Nikawaambia, "Mlango yangu iko pale, munaiona. Simu mumeuliza. Mimi, hapana?"

Mke akawa mwekundu. Akasema bila simu wangepotea tangu mpakani.

Sawa, mama, simu ikuonyeshe barabara. Lakini haijui nani ameinama hapa na jembe.

Sikuondoka mpaka bwana alipoandika chini ya ile alama: hili ni shamba la mtu, piga hodi kwanza.

Gari wamelileta uani, nimewaruhusu walale. Wameomba msamaha sana. Lakini mistari mitatu ya maharagwe imelala chini, na mimi bado nina hasira.

Jamani, ninyi mngewafukuza? Semeni ukweli.