Ushahidi wa Pepo

Katika kikundi cha maombezi cha usharika wetu mimi nilikuwa mwandishi. Sikuchaguliwa kwa karama yoyote. Nina mwandiko unaosomeka na machozi yangu hayako karibu, basi. Wenzangu wakishaingia kwenye maombi walikuwa hawajijui hawajitambui, huyu analia, yule ananena kwa lugha, na ilitakiwa mtu wa kukaa kando na kalamu. Nikakaa mimi, miaka minne.

Tulikutana kila Alhamisi saa tisa alasiri, hapa Chumbageni, katika chumba cha shule ya Jumapili. Waliokuja kuombewa wengi walikuwa wanawake. Mtu akianguka na kuanza kusema kwa sauti isiyo yake, tulijua pepo kapanda, na hapo kiongozi wetu, mama mmoja mwenye sauti ya kuamsha mtaa mzima, alianza maswali. Jina lako nani? Mko wangapi? Mmetoka wapi? Nani kawatuma? Pepo anajibu, mimi naandika. Daftari lilikuwa na mistari ya kutosha na nililiwekea jalada la plastiki lisilowe na jasho.

Pwani yetu hii pepo si habari ya ajabu. Majirani zetu wana waganga wa ngoma ambao humketisha mgonjwa, wakamuuliza pepo anataka nini, kisha wakampa: kitambaa chekundu, marashi, pete. Sisi Walutheri, wajukuu wa watu walioshuka milimani kuja kukata mkonge, tuliwacheka sana. Tulisema wanambembeleza shetani, wakati sisi tunamkemea kwa jina la Yesu. Ilinichukua muda mrefu kuliko inavyostahili mtu mwenye akili timamu kuona kwamba maswali yetu na yao yalikuwa yaleyale, ila sisi hatukutoa marashi.

Mdogo wangu wa kike ndiye pekee niliyebaki naye katika tumbo la mama yetu. Yeye na mumewe waliishi nami katika nyumba aliyotuachia mama. Mwaka wa tatu wa ndoa yake mimba mbili zilikuwa zimeshatoka. Baada ya ile ya pili alianza kukaa kimya kutwa nzima, mkono tumboni, ukimwita haitiki. Kisha akaanza kuanguka. Mara ya kwanza alianguka jikoni, mara ya pili kanisani katikati ya wimbo, akatoa sauti nzito ya mwanamume mzee, na watu wote waliokuwa kwenye mabenchi ya mbele wakahamia nyuma.

Mlango wa pili kutoka kwetu alikaa bibi mmoja, mzaliwa wa Kigombe, mkunga wa mtaa na mkandaji wa wajawazito. Sisi hatukuwa na udugu naye wa damu wala wa dini. Lakini mama alikuwa akitoka alfajiri kwenda kiwanda cha kamba, na uji wetu wa asubuhi ulipikwa na yule bibi. Mdogo wangu alilala kwenye mkeka wake mpaka alipoanza shule. Hata jina la utani ambalo nyumbani tulimwita lilitoka kwa bibi huyo. Na mimba zote mbili, aliyemkanda tumbo kwa mafuta ya nazi alikuwa yeye. Mseme mtakavyo, sisi tulikuwa na mama wawili, na mmoja alikuwa amekwisha kufa.

Alhamisi tuliyompeleka mdogo wangu kwenye maombezi, hakumaliza hata dakika tano akaanguka. Ile sauti ikatoka. Kiongozi akauliza jina, akapewa. Akauliza idadi, akapewa. Akauliza, nani kawatuma?

"Hatukutumwa," ikasema ile sauti.

Kiongozi akasema, "Muongo wewe. Kwa jina la Yesu sema kweli. Nani kawatuma?"

"Bahari."

"Muongo. Nani kawatuma?"

Kisha ile sauti ikasema, "Bibi wa mlango wa pili."

Chumba kizima kikaguna. Kiongozi hakusema muongo. Mara mbili alimwita pepo muongo, mara ya tatu akamwamini, na sisi tukamwamini pamoja naye, kwa sababu hilo ndilo jibu tulilolijia. Nililiandika kwa mwandiko wangu mzuri, nikalipigia mstari chini.

Mtu aliyepandisha, akishazinduka, hakumbuki kitu. Jioni hiyo mdogo wangu alikuwa kaketi kitandani, kaoga, kavaa dira safi, sura yake imerudi kabisa. Akaniuliza, "Dada, nilisema nini?"

Ningeweza kumwambia hakusema la maana. Neno lile lingekufa palepale, maana wale wengine hawakujua mlango wa pili ni wa nani. Badala yake nikafungua daftari, nikamsomea. Nimejiuliza sana kwa nini. Nilikuwa nimechoka kumwona anateseka bila sababu, na sasa sababu ilikuwa imepatikana, tena ina mlango na dirisha. Nilifurahi. Naona aibu kuandika hivi, lakini ndivyo ilivyokuwa, nilifurahi.

Haukupita mwezi ikaingia Ramadhani. Bibi, kama desturi yake, alituletea bakuli la futari, muhogo wa nazi, ingawa alijua fika sisi hatufungi. Kwetu bakuli la jirani halirudi tupu. Hata kama huna kitu, utatia ndizi mbili au sukari kidogo. Mdogo wangu alimwaga ule muhogo mtaroni, akaosha bakuli, akaenda kuliweka barazani kwa bibi, tupu, bila hodi. Mimi nilikuwa mlangoni nikimwona.

Tangu siku ile akaacha kumsalimia. Anapita mbele yake mtu mzima yule, aliyemfuta kamasi, hasemi shikamoo wala hageuzi uso. Mimi nilikuwa nasalimia, lakini salamu ya kukimbia, nimeshavuka nusu ya njia kabla sijaitikiwa. Na mtaa una masikio. Wajawazito wawili waliokuwa wakikandwa na bibi wakaacha kwenda, kisha mwingine, kisha wote. Hakuna aliyemwambia kitu. Mtu anaweza kumalizwa hivyo bila kutukanwa hata tusi moja.

Siku moja asubuhi mpwa wake alikuja na kirikuu, wakapakia godoro, masufuria na kabati. Alikuwa anarudi kwao Kigombe. Nilisimama nyuma ya pazia mpaka gari likaondoka. Alikuwa ameishi mlango wa pili tangu sijazaliwa, na mimi nikashindwa kutoka nje hatua kumi kumwambia safari njema.

Kama pepo katumwa na bibi, na bibi kahama, basi mgonjwa angepona. Mdogo wangu alianguka zaidi. Mara mbili kwa wiki, mara tatu. Kiongozi akasema bibi anatuma akiwa hukohuko Kigombe, na kwamba tufunge siku saba. Tukafunga. Akaanguka siku ya nne.

Wakati huo usharika uliletewa mchungaji mpya, mzee wa Kishambaa aliyebakisha miaka michache kustaafu, mtu mfupi, mpole, mwenye tabia ya kuuliza umekula nini kabla hajakuuliza lolote. Alikuja Alhamisi, akakaa kwenye kiti cha watoto, akatazama. Tulipomaliza akaomba daftari langu. Alilisoma ukurasa kwa ukurasa, akilamba kidole. Sisi tukasubiri sifa.

"Huyu anayehojiwa humu," akasema, "ni shahidi wa nani?"

Hakuna aliyeelewa.

"Nauliza, kwa sababu mmemwandikia maneno yake kama mahakamani. Bwana alimwita baba wa uongo, nyie mmempa kiti cha shahidi."

Kiongozi wetu hakuwa mtu wa kunyamazishwa. Akasema, kwa heshima lakini kwa nguvu, "Baba mchungaji, hata Bwana Yesu alimuuliza jina pepo wa yule mtu wa makaburini."

"Alimuuliza jina," mchungaji akasema. "Alimuuliza na jirani?"

Akatueleza bila kupandisha sauti. Popote Yesu alipokutana na hao pepo, hakuwapa nafasi ya kuhubiri, hata waliposema jambo la kweli kumhusu yeye mwenyewe. Aliwafumba midomo akawatoa. Mwenye mamlaka haulizi habari za mtaa kwa mvamizi, anamwambia nyamaza, toka, basi. "Nyie mmetumia jina lake kumlazimisha muongo aseme," alisema, "na alipotaja mtu, mkasema amina."

Kisha akanirudishia daftari mkononi. "Huyu bibi yuko hai?"

Nikasema yuko hai, Kigombe.

"Mpelekee ukamsomee. Ukishindwa kumsomea, utajua neno hilo ni la namna gani."

Alimwombea mdogo wangu Jumatatu, saa nne asubuhi, sebuleni kwetu, chai iko mezani. Alimuuliza amekula nini, amelala saa ngapi, na mimba zile amewahi kuzililia. Hakuna mtu aliyewahi kumuuliza hilo la mwisho, hata mimi dada yake. Alipoweka mkono kichwani pake, yule mwanamume mzee akaanza kuguna. Mchungaji akasema, "Kwa jina la Yesu, nyamaza. Mtoke." Kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi. Mdogo wangu akatetemeka, mdomo umefunguka, na hakuna neno lililotoka. Kisha akalia kwa sauti yake mwenyewe, kama saa nzima. Baada ya hapo mchungaji akanywa chai yake iliyopoa, akasema kesho aende hospitali akapimwe. Alikwenda, akakutwa na presha, akapewa dawa na siku za kurudi. Hakuanguka tena. Wengine hutaka nichague kimoja, maombi au dawa. Mimi nilimwona mdomo ulipofunguka bila neno, na vidonge nilimhesabia mimi. Sichagui.

Kigombe nilikwenda peke yangu kwanza. Nilimkuta bibi uani kwa mpwa wake, amekonda. Nikamwamkia, akaitika, akanipa kigoda, akaniuliza habari za nyumbani moja moja kama vile hakuna lililotokea. Nikaona nikichelewa nitakula chakula chake kabla sijasema. Nikatoa daftari, nikamsomea ukurasa ule wote, maswali na majibu yake, hadi mstari niliopiga chini.

Alisikiliza bila kunikatiza. Kisha akasema, "Rudia la kwanza alilosema."

"Hatukutumwa."

"Na hilo mbona hamkulishika?"

Nikafunga daftari.

"Hata kwetu, mwanangu, jini hashuhudii." Akavuta upande wa kanga yake, akajifunika bega. "Haya. Jini mmemuuliza mara tatu. Mimi nilikuwa mlango wa pili. Hamkuniuliza hata mara moja."

Nililia. Nimesema machozi yangu hayako karibu, lakini yapo. Hakunibembeleza, na hakunifukuza. Nilipoaga alisema, "Wewe umekuja, nimekupokea. Lakini aliyeacha kuniamkia ni yule mwingine. Yeye aje kwa miguu yake."

Mdogo wangu aligoma miezi miwili. Mara alisema anaona haya, mara alisema si yeye aliyesema, ni pepo. Nikamwambia kweli, aliyetaja ni pepo, lakini aliyemwaga muhogo si pepo. Akakasirika, tukakaa siku nne hatusemeshani. Siku ya tano akachukua lile jina la utani alilopewa utotoni, akaliandika kwenye simu yake, akanitumia. Hakuongeza neno. Nikaelewa kwamba yuko tayari kwenda kwa bibi, nikavaa, tukaondoka.

Bibi alikuwa kwenye mkeka anachambua mchele kwenye ungo. Mimi nikabaki nyuma. Mdogo wangu akasogea mpaka ukingo wa mkeka, akapiga magoti.

"Shikamoo, bibi."

Bibi hakuinua macho. Vidole vyake vilikuwa vinatafuta mawe katika mchele, na niliona vinarudia palepale alipokwisha kuchambua. Hapo ndipo nikajua kwamba alikuwa anaogopa. Mtoto aliyelala kwenye mkeka wake alikuwa amefungua kinywa kikatoka kitu kikamtaja yeye, na sasa kinywa kilekile kilikuwa mbele yake.

"Anayeniamkia," akasema polepole, "ni nani?"

Swali hilo nililiandika miaka minne, na kila lilipoulizwa nilishika kalamu. Safari hii sikuwa na kalamu. Mdogo wangu akageuka kunitazama, mimi nikatazama chini. Hilo hakuna wa kumjibia.

"Ni mimi, bibi."

"Wewe nani?"

Akataja lile jina la utani, kwa sauti ndogo.

Bibi akaweka ungo kando, akamwangalia usoni kwa muda mrefu, jicho hili, kisha jicho lile.

"Marahaba," akasema, na akasogea kumpa nafasi kwenye mkeka.