Sitini Iliyoonekana na Kila Mtu

Wanafunzi walimbatiza mwalimu wao jina la Kiwembe, na si kwa sababu ya wembamba. Mdomo wake ulikuwa unakata. Alifundisha kupiga chapa tangu enzi za mashine zile za chuma zilizolia kengele kila mwisho wa mstari, na ukithubutu kuangalia vidole vyako alikuwa anafunika mikono yako kwa kitambaa na kukwambia, "Haya, sasa angalia!" Mashine zilipouzwa kama chuma chakavu alilia chooni, akanawa uso, akajifunza kompyuta. Kisha mkuu wa chuo akamwambia kwamba kuchapa si kazi tena siku hizi: ama afundishe kuandika programu, ama chumba chake wapewe wengine na yeye akatunze stoo.

Stoo! Mtu aliyewafundisha makarani wa nusu ya mji akahesabu mifagio! Damu ilimchemka, lakini alijifunza Python, lugha ya kuandikia programu. Alijifunza huku mumewe akilalamika kwamba chai inaletwa bila sukari, naye akimjibu kwamba sukari iko kabatini na miguu anayo.

Jumatatu moja mkuu wa chuo alikutana naye koridoni. "Mwalimu, Alhamisi kuna mgeni anakuja kukiangalia chumba chako. Kiwe safi." Basi, akaenda zake. Kiwembe akaelewa kama mwalimu yeyote angeelewa: mkaguzi huyo. Kipindi cha Alhamisi ndicho kitakachoamua kama atabaki darasani au ataenda kulala na mifagio.

Mgeni akaja, mama mmoja wa makamo mwenye suti ya kijivu, akaketi nyuma kabisa karibu na dirisha. Mkuu wa chuo alisimama mlangoni, mguu ndani, mguu nje. Somo lilikuwa namna fanksheni moja, yaani kipande cha programu chenye kazi yake, inavyoipa nyingine thamani, na Kiwembe alikuwa ameandaa mfano kutoka kwenye ufundi wake mwenyewe. Fanksheni ya kwanza inapokea maneno mtu aliyoyachapa na dakika alizotumia, inagawanya, inapata kasi yake. Ya pili inapokea kasi hiyo na kutoa daraja: hodari kuanzia hamsini, wa kati, au rudi kwenye mazoezi. Nyumbani alizijaribu moja moja, ile ya pili akiiandikia kasi kwa mkono wake. Zote zilikubali. Kuziunganisha hakuwahi.

Akaweka maneno mia tatu, dakika tano. Akabonyeza. Ukutani, pale projekta ilipomulika, ikatokea 60.0, wanafunzi wakaitikia "eeh!", halafu chini yake yakamwagika maandishi mekundu. Fanksheni ya pili ilikuwa inalia kwamba imeambiwa ilinganishe hamsini na None, yaani na kitu kisichokuwepo.

"Hakipo vipi?" Kiwembe aliiuliza kompyuta, mbele ya watu. "Sitini si hiyo hapo juu? Darasa zima limeiona! Wewe tu ndiye kipofu?"

"Labda haijavaa miwani, mwalimu," akasema mzee mmoja aliyeketi mbele. Huyu walimwita Dereva, kwa sababu alistaafu udereva wa malori. Watu wakaangua kicheko.

"Wewe Dereva, kanyaga breki za mdomo!"

Akabonyeza tena. Mekundu yaleyale. Kule nyuma mama wa suti ya kijivu alikuwa anaangalia dari kama mtu aliyechoka kusubiri. Kiwembe alimchukia. Aliichukia kompyuta, akamchukia mkuu wa chuo na mguu wake ule wa nje. Akaanza kusoma programu yake mstari kwa mstari kwa sauti, kwa hasira, akibandua kila neno, mpaka alipofika kwenye print, amri ya kuonyesha jibu, kidole kikabaki hapo.

Mpiga chapa ni mpiga chapa. Maisha yake yote kazi ilikwisha pale herufi zilipotua kwenye karatasi; kilichoonekana, kimekamilika. Ndiyo maana aliiambia fanksheni ya kwanza iandike jibu kwenye skrini, wala hakufikiria kwamba kuna mwenzake anayelisubiri.

"Dereva, simama. Geukia ukuta wa pembeni, ubao usiuone." Akaandika sitini ubaoni, kubwa. "Haya, wewe ndiye fanksheni ya pili. Daraja gani?"

"Daraja la nini, mwalimu?"

"Nimeandika ubaoni!"

"Na mimi naangalia ukuta!"

"Ehee! Kumbe!" Akachana karatasi, akaandika 60, akaikandamiza kwenye kiganja cha mzee. "Sasa?"

"Hodari!"

"Mmeona? Kule ubaoni ilikuwa print, kuonyesha. Hii ya mkononi ndiyo return, kukabidhi."

Akafuta print, akaandika return, akabonyeza. Neno "Hodari" likatokea peke yake ukutani.

"Mbona ile sitini haionekani tena?" mtu akauliza.

"Ya nini kuonekana? Imefika kwa anayeihitaji."

Walipiga makofi. Kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu Kiwembe alipumua vizuri. Mama wa suti ya kijivu akainuka, akaja mbele taratibu, akampa mkono.

"Hongera, mwalimu. Samahani, nilikuwa nauliza, bomba la maji linapita upande gani?"

"Bomba?"

"La masinki. Hapa patakuwa saluni ya kufundishia. Mafundi wanaingia kesho. Hukuambiwa?"

Kiwembe aligeuka. Ule mguu wa ndani wa mkuu wa chuo sasa ulikuwa nje kabisa, pamoja na mwenzake.

Alimkuta koridoni. "Ulijua tangu lini?"

"Mwalimu, uamuzi ulishapita. Nilitangaza kwenye kikao."

"Kikao kipi?"

"Kile cha mwezi uliopita. Wewe ulikuwa na kipindi."

"Na Jumatatu? Tulisimama hapahapa, mimi na wewe, pua kwa pua! Ukaniambia kiwe safi! Nimedeki mwenyewe, bwana! Nimedhalilika mbele ya yule mama kwa ajili ya masinki!"

"Tusipigishane kelele hapa, wanafunzi wanasikia."

"Wasikie kutoka kwako. Ingia."

"Nitabandika tangazo..."

"Ingia!"

Aliingia. Alisimama kando ya ubao akajikohoza, akaiambia sakafu kwamba kuanzia kesho chumba hiki kina matumizi mengine.

"Sakafu haisomi hapa," Kiwembe akasema. "Inua uso."

Akauinua, akarudia. Dereva bado alikuwa amesimama pale ukutani na kile kikaratasi mkononi.

"Na sisi twende wapi, bosi? Tumebakiza nusu ya mafunzo."

Mkuu wa chuo akamgeukia mwalimu kwa macho ya kuomba, kama vile swali lilikuwa la kwake.

Kiwembe alivuta kiti, akaketi katikati ya wanafunzi, akakunja mikono.

"Usinigeukie mimi," akasema. "Umeulizwa wewe. Wajibu."