Tulipita Chini ya Nyumba ya Mama Mdogo

Kosa ni langu. Naanza hapo ili usipoteze muda kumtafuta mwingine wa kumlaumu. Mke wangu hana kosa, shetani hakunipitia, na pombe sinywi. Nilifanya mwenyewe, nikiwa na akili zangu timamu, mchana kweupe, kando ya maji mazuri kuliko yote niliyowahi kuyaona.

Jina langu liache. Ni fundi redio hapa Kashaulili, Mpanda. Msukuma. Baba yangu alihamia Mwamkulu na ng'ombe wake mimi nikiwa bado nabebwa mgongoni. Hayo yanatosha.

Nimechoka, ndugu yangu unayesoma. Nimechoka kuamka nalo na kulala nalo. Ndiyo maana nakuambia wewe usiyenijua.

Kwenye kibanda changu nilikuwa nimetundika kalenda. Picha yake ilikuwa mwanamume na mwanamke wanatembea peku mchangani, wameshikana mikono, bahari pembeni. Hakuna mtu mwingine. Hakuna shangazi, hakuna mjomba, hakuna wa kuwauliza mnarudi lini. Niliitazama picha ile miezi na miezi huku nikichomelea nyaya za redio za watu, nikajiambia, siku nikioa, nami nitatembea hivi.

Nikaoa. Mke wangu nitamwita Skola. Kwao ni ziwani, Tanganyika, kijiji kimoja kati ya Ikola na Karema. Mama yake mzazi alifariki siku ya kumzaa. Aliyemlea ni mdogo wa mama yake, ambaye hakujaliwa kuzaa. Alimchukua akiwa na siku moja, akamlea kwa maziwa ya mbuzi na uji mwepesi. Kijiji kizima kikamwita Mama Skola, hadi wengine wakasahau kuwa hakumzaa.

Mahari niliipeleka kwa wajomba zake, huko Kakese. Harusi ikafanyika mjini. Mama mdogo hakuja: ilikuwa masika, barabara imekatika, naye alikuwa na homa. Kwa hiyo hakuniona, na mimi sikumwona. Nilimjua kwa hadithi tu. Skola alikuwa akipika anasema, mama hukaanga hivi. Akicheka anasema, mama hunicheka nikicheka hivi.

Kiangazi kilipofika nikamwambia, "Twende ziwani. Sisi wawili tu. Tushukie Ikola, tutembee kwa miguu ufukweni mpaka Karema."

Aliruka, jamani! Aliruka kama mtoto. "Tutafika kwa mama!"

"Tutafika," nikasema.

Kesho yake akanunua kitenge cha mama, cha njano chenye maua mekundu, akakikunja vizuri katikati ya nguo zetu.

Tulipanda lori la wachuuzi wa dagaa, tukafika Ikola tumejaa vumbi mpaka kwenye kope. Asubuhi tukaanza kutembea. Ee Mungu, ule uzuri! Milima inashuka mpaka majini kama ng'ombe wanaokunywa. Maji meupe hata ukiona kokoto chini unadhani utazishika. Ng'ambo, milima ya Zaire imekaa kimya kwenye ukungu wa bluu. Njia inapanda mwamba, inashuka kwenye mchanga, inapita kwenye mateete, inapanda tena. Skola alivua viatu. Nami nikavua. Nikamshika mkono. Nilikuwa nimeingia ndani ya kalenda yangu.

Ila kalenda haina watu, na ufukwe ule una watu! Kila penye mchanga pana wanawake wanaanika dagaa, na hakuna anayekuacha upite bure. Kundi moja lilituzuia kabisa.

"Mnatoka wapi nyie?"

"Ikola."

"Mnakwenda wapi?"

"Tunatembea tu, mama," nikajibu.

"Mnatembea kwenda wapi?"

"Hatuendi mahali. Tunatembea tunaangalia ziwa."

Wakatazamana. Mmoja akasema kwa huruma ya kweli, "Poleni. Gari limewaharibikia?"

"Hapana, mama."

"Basi mmefiwa."

"Hatujafiwa!"

"Waacheni," akadakia mama mmoja mnene, mikono imejaa magamba. "Hawa wameiba huko Mpanda. Tazama kijana alivyo, kaptula na miguu ya korongo! Eti anaangalia ziwa. Ziwa limekukosea nini, baba?"

Wakacheka mpaka wakakaa chini. Skola naye akacheka, na kwa kile kicheko chake yule mama mnene akanyamaza ghafla.

"We! Wewe si Skola? Skola wa Mama Skola?"

"Ndiye mimi, mama."

"Yesu na Maria! Na huyu ndiye mwenyewe? Haya, jamani, nisamehe, mkwe, miguu yako mizuri tu!" Akajitwisha beseni lake pale pale. "Mimi natangulia. Nakwenda kumwambia mama yako aweke maji jikoni."

Akaondoka mbio, na mwili ule wote. Usisahau hilo, msomaji. Nilijua kwamba habari imetangulia. Nilijua kwamba tunangojwa.

Nikaanza kukasirika polepole, kama maji yanavyopata moto. Nilijua ukifika ukweni hutoki. Kuku atachinjwa, majirani watajaa uani, ndugu watatoka vijiji vya jirani kunitazama meno. Mke wangu atazama jikoni na mama yake, mimi nitakaa na wazee nikiulizwa habari za ng'ombe. Matembezi yangu yamekwisha. Sisi wawili tu imekwisha.

Tukafika njia panda. Moja inapanda kijijini. Nyingine inapita chini, kati ya mateete na maji. Skola akanyoosha kidole.

"Ile pale yenye moshi. Ameshawasha!"

Nikasimama. Nikasema maneno ambayo nitayajibu mbele ya Mungu.

"Skola, mimi siwezi kupanda."

"Kwa nini?"

"Kwetu Usukumani mkwe hamwendei mama mkwe mara ya kwanza hivi. Mikono mitupu, kaptula, bila kutuma mtu mzima mbele. Ni matusi. Unataka nimtukane mama yako?"

Ni kweli kwetu mkwe tunamheshimu hivyo. Mama mkwe anapita, unakwenda pembeni ya njia. Lakini mimi nilikuwa kijana wa mjini niliyekuwa nikimcheka baba yangu kwa mambo hayo hayo! Siku ile nikayavaa kama koti la kuazima, kwa sababu lilinificha.

"Basi nipande mimi," akasema. "Nimsalimie, nimpe kitenge, nishuke."

"Na mimi unifiche kwenye mateete kama mwizi? Wamesema nimeiba, sasa waone kweli?"

Akatazama ule moshi.

"Tutapita wakati wa kurudi," nikasema. "Nitakuwa nimevaa suruali. Nitanunua sukari, sabuni, kila kitu. Kwa heshima."

Nilijua hatutarudi kwa njia ile. Malori ya Karema yanarudi Mpanda moja kwa moja.

Tukapita chini. Mateete yalikuwa marefu, njia ni nyembamba, mchanga umelowa. Tulipofika usawa wa nyumba tukamsikia. Sauti ya mwanamke, pana, ina furaha, juu yetu kabisa.

"Wamekwama wapi hawa? Mama Zita, nisogezee mkeka huo kivulini. Mwanangu hapendi jua."

Skola akasimama. Akaziba mdomo kwa kiganja. Alinitazama, na macho yale sijui niyaandikeje. Hayakuwa na hasira. Yalikuwa yananiomba.

Nikamvuta mkono.

Ndivyo nilivyofanya. Nilimvuta mke wangu mkono, akanifuata.

Jioni, Karema, gesti. Tuliletewa samaki wa ziwani, migebuka ya kukaanga, jua likazama kwa rangi ambazo sijawahi kuziona, nami nikaongea peke yangu kama redio iliyoachwa wazi. Skola hakugusa chakula. Asubuhi lori likapiga honi. Nilikuwa nimeshapandisha mzigo wetu. Skola akapanda, akachukua furushi lake, akashuka upande wa pili. Sikumwona mpaka lori lilipoanza kuondoka na utingo akapiga kelele, "Bro, mkeo yule anakwenda!"

Nikaruka. Nikamfuata njia nzima mpaka kwao, yeye mbele, mimi nyuma. Ufukwe ulikuwa ule ule. Sikuuona.

Mama mdogo alikuwa anafagia uwanja. Ni mwanamke mwembamba, mrefu, na amefanana na Skola hata namna ya kushika kiuno. Skola akatupa furushi, akakimbia.

Mama akaweka ufagio chini, akampa mkono. Mkono tu.

"Karibuni wageni," akasema.

Akaingia ndani, akatoa viti viwili. Vile viti vya padri akija, vyenye vitambaa vya kufumwa.

"Mama, mimi nakaa chini," Skola akasema.

"Mgeni hakai chini."

Skola akaingia jikoni kumsaidia. Nikamsikia mama mdogo, "Toka, mama, utachafuka. Mgeni hapiki." Akatoka amekunja mikono kifuani, akakaa kwenye kiti pembeni yangu.

Tulikula kwanza, kama ifaavyo kwa wageni. Ndipo mama akasema, akiwa amesimama nyuma ya nguzo ya baraza, asinitazame usoni, kwa ile heshima ya mkwe niliyoidanganyia. Yeye aliijua na aliifuata.

"Baba, na wewe sina neno. Sikukulea. Kila mtu ana haraka zake." Kisha akamgeukia Skola. "Jana nilipika. Walikuja watu wengi. Tukakaa. Baadaye nikashuka kuchota maji, nikaona nyayo kwenye mateete. Moja sikuijua. Nyingine kidole chake kidogo kimepanda juu ya mwenzake. Mguu ule nimeukanda mimi kwa mafuta ya mawese, kila jioni, nikitaka kidole kile kikae sawa. Nikasimama pale. Nikafikiri, labda amepita kwenda kujisaidia, atapanda. Nikangoja pale chini tena. Kisha nikapanda nikawaambia watu, kuleni, wageni wamepata dharura."

"Mama, nisamehe!"

"Nikusamehe nini? Mgeni hakosei."

Skola akapiga magoti, akalia kwa sauti. Mama akamwinua, akampangusa vumbi magotini, taratibu, akamrudisha kwenye kiti.

Nilipaswa kusema pale. Kusema, mama, ni mimi, nilimdanganya, nilimvuta mkono. Neno moja! Nikaona haya. Nikatazama kuku waliokuwa wakidonoa uani, nikanyamaza. Ndugu yangu, kupita chini lilikuwa kosa. Kunyamaza kwenye baraza ile ndio uovu wenyewe.

Kitenge alikipokea kwa mikono miwili, akashukuru mara nyingi, kama mtu anayeshukuru watu wa mbali. Alitupa kikapu cha dagaa, akatusindikiza mpaka njia panda.

Skola amekwenda tena mara mbili, peke yake. Kila mara kiti. Aliporudi mara ya mwisho aliniambia kwamba mama amewaomba majirani wamwite kwa jina lake la ubatizo, si Mama Skola tena. Alisema hivyo, akaendelea kuchambua mchele.

Mwaka huu tumepata mtoto wa kike. Kwa uzazi wa kwanza mama ndiye anayekuja kumkanda mwanawe na kumwogesha mjukuu. Tulituma salamu kwa dereva wa lori. Zikarudi salamu nzuri sana, na doti ya khanga, na pongezi. Mwenyewe hakuja. Skola alikandwa na jirani, mwanamke mwema, lakini maji aliyamimina ya moto mno. Skola akavumilia, hakupiga kelele. Mtu hupiga kelele kwa mama yake.

Hatugombani. Natamani tungegombana! Ananiandalia maji, ananipakulia, ananiambia asante na samahani. Juzi alasiri alikuwa ananyonyesha mlangoni, akasema bila kunitazama:

"Wewe ungeninyima salamu tu, ningekusamehe. Umeninyima mahali pa kwenda kuwa mtoto."

Nilichukua bisibisi yangu nikaenda kazini, nikakaa na redio ya mtu mapajani bila kuifungua mpaka soko likafungwa.

Vijana wenzangu mnaooa sasa hivi, mnaotaka kuwa wawili tu: tembeeni, dunia ni nzuri, sikatazi. Lakini yule uliyemshika mkono hakuota kama uyoga. Ana mtu aliyemkesha. Mkifika karibu na mtu huyo, pandeni. Pandeni na vumbi lenu na kaptula zenu, mchekwe miguu, mle mshibe, mcheleweshwe. Na kama umeshapita, kama mimi, basi usingoje nguo nzuri wala maneno mazuri. Rudi useme ni wewe.

Mimi lori langu ni keshokutwa. Skola hajui. Sikumwambia, kwa sababu ahadi yangu ya njia ile ameshaisikia mara moja. Nimechoka na ninaogopa, na sitegemei kusamehewa. Ninachotaka ni mama yule asikie kwa kinywa changu kwamba mtoto wake alisimama pale kwenye mateete, kwamba alitaka kupanda, na kwamba mkono uliomvuta ni huu.